Miaka minne na nusu jeshini, lakini alama 5 hana

Swali lililonifikia:

"Shikamoo kaka. Nilijiunga na jeshi la nchi kavu la Marekani 2019 nikiwa na green card, na uraia nikaupata nikiwa humo humo jeshini. Nilifanya kazi ya bohari miaka minne na nusu, nikatoka kwa heshima. Vitani sikupelekwa. Medali nilizonazo ni ile ya Ulinzi wa Taifa tu na utepe wa jeshi. Sasa ni miaka miwili na miezi mitano tangu nivue sare. Nimeomba kazi zaidi ya 20 za serikali kuu kupitia tovuti yake ya ajira, USAJOBS, kila mara natia tiki kwenye alama 5 za maveterani, na majibu ni yale yale: sikuteuliwa, au sistahili. Jamaa yangu ambaye hajawahi kushika bunduki kaajiriwa kwenye jengo lile lile nililokataliwa mimi. Huu upendeleo upo kweli, au ni wa kwenye makaratasi? Na mke wangu kaambiwa anaweza kutumia alama zangu. Ni kweli?"

Marahaba, mdogo wangu. Upendeleo upo, na una nguvu kuliko watu wanavyodhani. Ila alama 5 unazozidai siyo zako, na kila unapotia tiki pale unajiweka kwenye foleni isiyokuhusu huku milango miwili iliyo wazi kwako ukiipita. Mmoja wa milango hiyo utafungwa baada ya miezi saba. Kwa hiyo nisome hadi mwisho kabla hujatuma ombi lingine.

Nianze na hizo alama, yaani nyongeza ya maksi anayopewa veterani anaposhindania kazi ya serikali kuu, maana kosa lako ni kosa la wengi, na wengine wana vyeo vikubwa kuliko chako. Watu huamini kwamba kila aliyevaa sare na kutoka kwa heshima ana alama 5. Sheria haisemi hivyo. Sheria yenyewe ya upendeleo wa maveterani ilisainiwa na Rais Franklin D. Roosevelt Juni 27, 1944, vita ikiwa bado inawaka Ulaya, na nia yake ilikuwa kumfidia mtu aliyeacha kazi na masomo kwenda kupigana wakati wenzake wamebaki nyumbani wakipanda vyeo. Ndiyo maana imejengwa juu ya vita na vipindi vya vita. Sare peke yake haitoshi. Kipindi cha mwisho kilichowapa watu alama 5 kwa tarehe tu kilianza Septemba 11, 2001 na kuisha Agosti 31, 2010: aliyetumikia zaidi ya siku 180 mfululizo, na sehemu ya siku hizo ikaangukia humo, alama anazo hata kama alishinda Texas akihesabu matairi. Aliyeingia baada ya hapo anatakiwa awe na medali ya kampeni au ya operesheni maalumu, kama ile ya Afghanistan au ya Inherent Resolve ya Iraq na Syria.

Medali ya Ulinzi wa Taifa haihesabiki. Ilitolewa kwa karibu kila mtu aliyekuwa jeshini kati ya Septemba 2001 na mwisho wa 2022, na kitu walichopewa wote hakiwezi kumpambanua yeyote. Toa fomu yako ya DD-214, ile uliyopewa ulipotoka jeshini, tazama kisanduku namba 13, kisha linganisha kila kilichoandikwa humo na orodha ya medali za kampeni inayotunzwa na OPM, ofisi inayosimamia watumishi wa serikali kuu. Ukikuta ulistahili medali ambayo haikuandikwa, omba masahihisho; hutolewa kwa fomu ya DD-215. Lakini kwa maelezo uliyonipa, usitegemee muujiza hapo.

Nikueleze yanayotokea upande wa pili wa meza, maana nimekaa upande huo miaka mingi. Ombi lako likiingia, mtu wa ajira hafuati tiki yako. Anafungua DD-214: tarehe ya kuingia na ya kutoka kwenye kisanduku 12, medali kwenye 13, namna ulivyoachwa kwenye 24. Akiona hakuna msingi wa alama 5, anakuondolea. Kama tangazo ni la umma, unabaki mwombaji wa kawaida kati ya mamia. Kama tangazo ni la watumishi wa ndani pamoja na maveterani, na wewe ulidai alama tu bila kuchagua njia inayokupa haki ya kuingia, mfumo unakutupa nje kwa neno hilo ulilolipokea mara nyingi: hustahili. Hakuna aliyekuonea. Ulibisha hodi kwa jina la mtu mwingine.

Sasa mlango wa kwanza, na huu ndio wenye saa inayokimbia. Unaitwa VRA. Ni mamlaka maalumu inayomruhusu meneja kumwajiri veterani moja kwa moja bila kushindanisha umma, na hata bila kutangaza kazi, mpaka daraja la GS-11 kwenye ngazi za mishahara za serikali kuu. Wanaostahili ni maveterani wenye ulemavu uliotokana na utumishi, wenye medali za kampeni, walioshiriki operesheni zilizotolewa medali ya huduma ya majeshi, na kundi la nne ambalo ndilo lako: aliyetoka jeshini ndani ya miaka mitatu iliyopita, kwa heshima au kwa masharti ya heshima. Huhitaji vita wala medali. Unaajiriwa kwa miaka miwili ya kuangaliwa, na ukifanya kazi vizuri unaingizwa kwenye utumishi wa kudumu.

Shida ya VRA ni kwamba meneja anaruhusiwa kuitumia, halazimishwi. Anayeketi nyumbani akisubiri matangazo huikosa. Tafuta idara zinazoendesha bohari, usafirishaji na ununuzi karibu na unapoishi. Vituo vya jeshi lenyewe vina raia wengi wanaofanya kazi ile ile uliyokuwa ukiifanya. Idara nyingi kubwa zina mtu maalumu wa ajira za maveterani. Mwandikie barua fupi: mimi nastahili VRA kwa sababu nimetoka jeshini tarehe fulani, haki hiyo inaisha tarehe fulani, natafuta kazi ya ugavi GS-5 mpaka GS-7, wasifu na DD-214 hizi hapa. Nimewahi kuona meneja akiruka kwa furaha kwa barua kama hiyo, kwa sababu inamwokoa na miezi ya kutangaza, kupanga na kuhoji. Wapo pia wasiojua hata kwamba VRA ipo. Hao wape jina lake, nao waulize watu wao wa ajira. Na kwa kuwa kuajiri serikalini huchukua miezi, miezi saba yako ni kama minne.

Mlango wa pili unaitwa VEOA, kutokana na sheria ya 1998. Huu hauna saa. Ukiwa umetumikia mfululizo miaka mitatu au zaidi na ukatoka kwa heshima, unaruhusiwa kuomba kazi ambazo idara imezitangazia watumishi wa serikali waliopo, mradi imefungua tangazo nje ya idara yenyewe. Mtu wa mtaani haruhusiwi hata kugusa matangazo hayo. Wewe una minne na nusu, umo. Lakini elewa vizuri: huko ndani alama hazitumiki kabisa, hata kwa mwenye alama 10 za ulemavu. VEOA inakuingiza uwanjani, haikupi goli. Faida yake ni kwamba unashindana na watu 40 badala ya 400, na wasifu wako unasomwa na binadamu. Unapojaza ombi, tafuta swali la msingi wa kustahili na uchague VEOA kwa jina.

Hukusema lolote kuhusu afya yako, nami sikulazimishi kuniambia. Lakini mtu aliyebeba masanduku ya bohari miaka minne na nusu mara nyingi ana goti, mgongo, au masikio yanayovuma. Kama kuna jambo la kweli lililoanza au kuzidi ukiwa kazini, peleka dai VA, ile Idara ya Maveterani. Watu wetu huona haya hapa. Wanasema wamevuka salama, kuna waliokatwa miguu, wao wadai goti? Heshima hiyo naielewa, ila sheria haipimi nani kaumia zaidi. Na kwenye ajira, uamuzi wa VA unabadilisha kila kitu, kwa sababu upendeleo wa ulemavu hauangalii ulitumikia kipindi gani. Hata VA wakikubali kwamba goti limetokana na jeshi na kukupa asilimia 0, yaani bila malipo yoyote, tayari una upendeleo wa alama 10 kwenye ajira. Watu wanapokea barua ya asilimia 0, wanaikunja kwa hasira na kuitupa. Usiitupe.

Kuanzia asilimia 10 mambo yanakuwa makubwa zaidi, na hapa lazima nieleze jinsi upendeleo unavyofanya kazi leo, maana neno alama linapotosha. Zamani mwombaji alipewa maksi mpaka 100, veterani aliyefaulu kwa 70 na zaidi akaongezewa 5 au 10. Bado idara inaweza kufanya hivyo. Lakini kwa miaka mingi sasa, hasa tangu agizo la Rais Obama la Mei 2010, idara nyingi hupanga waombaji kwa makundi: bora kabisa, wazuri, wanaotosha. Kwenye makundi hakuna kujumlisha chochote. Mwenye upendeleo anawekwa juu ya wasio nao ndani ya kundi lake, na meneja haruhusiwi kumchagua wa chini yake asiye na upendeleo mpaka aombe ruhusa kwa maandishi na sababu zikubalike. Mwenye ulemavu wa asilimia 10 au zaidi, akitimiza sifa za kazi, anapandishwa mpaka kundi la juu kabisa hata kama majibu yake yalimweka la chini. Isipokuwa kwenye kazi za kitaalamu na za kisayansi kuanzia GS-9. Serikali haitaki daktari au mhandisi apande kwa sababu ya goti, na mimi naona ni sawa.

Ukifika asilimia 30, unapata jambo la tatu: meneja anaweza kukuajiri moja kwa moja bila ushindani, bila ile dari ya GS-11, kisha akakubadilisha kuwa wa kudumu. Na wakitaka kukuruka kwenye orodha, lazima wewe mwenyewe uarifiwe, upewe siku 15 za kujibu, na OPM ndiyo iamue. Ushahidi wa ulemavu ni barua ya VA pamoja na fomu inayoitwa SF-15. Wengi huambatisha moja na kusahau nyingine.

Kabla sijaondoka hapo: upendeleo wote huu unaanza baada ya kutimiza sifa za chini za kazi. Haumgeuzi mtu wa bohari kuwa mhasibu. Nimesoma maombi ya wapiganaji wenye medali kifua kizima ambao wasifu wao haukuonyesha hata mwaka mmoja wa kazi iliyotangazwa, na sikuwa na la kuwasaidia. Kosa lilikuwa lugha. Waliandika vyeo, namba za vikosi na vifupisho vya jeshini, na msomaji raia akaona msitu. Usiandike namba ya fani yako ya jeshi na kuishia hapo. Andika kwamba ulipokea, ukahesabu na kutoa vifaa vya thamani fulani, kwa askari wangapi, kwa mfumo gani wa kompyuta, na ukaguzi ulitoka vipi. Chukua tangazo, tazama sehemu ya uzoefu maalumu unaotakiwa, na hakikisha kila jambo lililotajwa pale lina jibu kwenye wasifu wako, kwa maneno yako na kwa ukweli. Siku hizi usizidi kurasa mbili. Tangu 2025 ule wasifu wa serikali wa kurasa saba umekufa, na wengi bado wanautuma.

Nakala ya DD-214 iwe ile ndefu, inayoonyesha namna ulivyoachwa. Maveterani huiita Member 4. Nakala fupi haina kisanduku hicho, na bila hicho ombi halisogei. Ukiwa umeipoteza, kumbukumbu zinatunzwa St. Louis, nawe unaweza kuziomba bila malipo. Kwa wanaonisoma wakiwa bado jeshini: hamna haja ya kungoja DD-214. Tangu sheria ya 2011, barua ya kikosi inayothibitisha kwamba mtatoka kwa heshima ndani ya siku 120 inatosha kuombea kazi. Na kwa wenye green card, shughulikieni uraia kabla ya kuvua sare. Kazi nyingi za serikali kuu ni za raia peke yao, kwa amri ya rais ya 1976, na hakuna alama zinazoziba pengo hilo.

Sasa jamaa yako. Siwezi kujua aliingiaje, lakini njia inayowashangaza maveterani kuliko zote ni mamlaka ya kuajiri moja kwa moja. Serikali ikiona kazi fulani ina uhaba mkubwa wa watu, au haja ya haraka, OPM inaruhusu idara iajiri yeyote mwenye sifa bila kupanga orodha, na huko upendeleo wa maveterani hautumiki kisheria. Tangazo lenyewe husema. Ukiona maneno hayo, omba, ila ujue unasimama sawa na kila mtu, na mara nyingi anayewahi ndiye anayepata. Upendeleo pia hauhusu kupandishwa vyeo ndani ya idara, wala nafasi za wakurugenzi wa juu. Na kama baadhi ya maombi yako 20 yaliangukia 2025, kumbuka ajira za kiraia zilisimamishwa tangu Januari 20 mwaka ule. Mengine yalikufa bila kusomwa.

Kuna kona moja ambayo watu huidharau. Kazi za ulinzi wa majengo, usafi, utarishi na uendeshaji lifti, sheria imeziwekea ukuta: maadamu mwenye upendeleo ameomba, asiye nao haruhusiwi kushindana. Waendesha lifti hawaonekani tena lakini sheria bado inawataja. Kwako leo ukuta huo unakuzuia. Siku VA wakikukubalia goti, utakuwa unakulinda. Posta nayo inafuata upendeleo wa serikali kuu. Majimbo yana sheria zao, na mengine ni makali kuliko hii. Ile ya Massachusetts iliyowaweka maveterani juu ya wote waliofaulu ilipingwa mahakamani na mwanamke aliyepitwa mara kadhaa licha ya maksi zake; kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, naye akashindwa 1979. Soma ya jimbo lako kabla ya kudhani ni sawa na hii.

Kuhusu mke wako: hapana, si kwa hali yako. Mwenzi hutumia upendeleo wa veterani pale tu ambapo veterani mwenyewe ameshindwa kufanya kazi kwa sababu ya ulemavu wa jeshini. Yeye anachukua nafasi yako kwa kuwa wewe huwezi kuitumia. Wajane nao wana fungu lao, na wazazi wa waliofia kazini pia, kwa masharti. Aliyemwambia mke wako vingine amechanganya hili na ajira za wenzi wa askari waliopo kazini.

Itatokea siku ukaamini kwamba haki yako imevunjwa kweli, kwa mfano una barua ya VA, umo kundi la juu, na kachaguliwa wa chini yako. Lalamika kwa kitengo cha maveterani cha Wizara ya Kazi ndani ya siku 60. Kikishindwa kukusuluhisha, unaweza kwenda kwenye bodi ya rufaa za watumishi, MSPB. Siku 60 hizo zinahesabiwa tangu jambo litokee. Wengi huzimaliza wakibishana kwa simu na ofisi iliyowanyima.

Na ukishaajiriwa, usiache miaka minne na nusu hiyo ikalala. Siku ya kwanza mwambie mtu wa ajira aihesabu kwenye likizo: anayeanza bila utumishi wa nyuma hupata saa 4 kila wiki mbili, wewe utaanza na 6. Kwenye pensheni unaweza kuinunua kwa asilimia 3 ya mshahara wa msingi uliolipwa jeshini, bila riba kama utamaliza kulipa kabla ya miaka mitatu ya kwanza kwisha.

Leo jioni fungua DD-214 yako, kisanduku 12b. Hiyo ni tarehe uliyotoka. Ongeza miaka mitatu, uiandike juu ya barua ya VRA, kisha nitumie barua hiyo niipitie kabla hujaipeleka.